Probox Mbili na Robo ya Wazimu

Wenzangu wakiamka huuliza kama mvua itanyesha. Mimi huuliza Nyeupe iko wapi na Fedha iko wapi. Hayo si majina ya ng'ombe wangu, ingawa ng'ombe wangu wanaeleweka zaidi. Ni Probox mbili zinazobeba watu kutoka stegi yetu ya chini hapa Masimba kwenda Keroka, na tangu nistaafu ualimu, kila shughuli yangu, kuanzia pensheni hadi dawa ya presha, imening'inia kwenye magari hayo mawili kama nguo kwenye waya.

Kwa msomaji ambaye hajafika Gusii hapa Kenya, nieleze kidogo. Probox ni gari la Kijapani ambalo kiwandani lilitengenezewa watu watano na mizigo yao. Lilipofika huku likakutana na hesabu nyingine. Nimefundisha hisabati miaka 31 na bado siwezi kueleza ubaoni jinsi watu kumi na mmoja, debe la parachichi na mkungu wa ndizi wanavyoingia mle ndani na mlango ukafungwa. Dereva mwenyewe hukaa nusu kiti. Nusu ya pili ni ya abiria, na abiria huyo asipojiangalia, goti lake ndilo linaloingiza gia. Mimi nimewahi kuingiza ya tatu pale mteremkoni, bila leseni na bila kukusudia, nikasifiwa na gari zima.

Lakini kubanana si kilio changu. Kilio changu ni saa.

Probox haina ratiba. Ina kanuni, nayo ni moja tu: jaza, ondoka. Hata Musa hakuleta amri moja tu. Mtu angedhani kanuni ya maneno mawili italeta maisha ya kutabirika, kwamba ukiijua utajua gari litaondoka lini. Nami nilidhani hivyo, nikanunua daftari, nikawa naandika kila asubuhi saa ambayo kila gari limeng'oa. Miezi mitatu. Mama watoto alifikiri nimeanza kuumwa.

Sikiliza jinsi inavyokwenda. Dereva akipata abiria wengi leo, tamaa inamwamsha kesho alfajiri. Alfajiri hakuna mtu. Anasota stegini mpaka saa tatu, anakata tamaa, anaondoka na watu wanne na hasira. Kwa hasira ile kesho yake anachelewa kuamka, na kwa kuwa amechelewa anakuta watu wamejaa kama siafu. Anapata. Tamaa inarudi. Wakulima wa kabichi wanaijua hadithi hii vizuri: bei ikipanda kila mtu anapanda kabichi, msimu unaofuata kabichi zinalishwa ng'ombe, kila mtu anaacha, bei inapanda tena. Ungesema basi ni leo juu, kesho chini, kama pendulamu. Ningeshukuru sana. Daftari langu linasema vingine: juu, chini, juu kidogo, katikati, juu kabisa, chini kabisa, kisha siku tano za kitu ambacho sina jina lake. Dereva ni yuleyule, kanuni ni ileile, na hakuna siku inayofanana na nyingine.

Hiyo ni Probox moja. Sasa weka ya pili.

Madereva hawa ni mashemeji. Wa Fedha amemwoa dada wa wa Nyeupe, kwa hiyo kila mmoja anamchunga mwenzake kwa jicho la pembeni. Kabla hajaondoka, wa Nyeupe humpigia simu wa Fedha: uko wapi, una wangapi, polisi wako? Akisikia mwenzake ana saba, anasubiri kidogo. Akisikia ana wawili, anaharakisha. Na wa Fedha vivyo hivyo. Sijui kama ni upendo au upelelezi. Nadhani katika ndoa za huku tofauti ni ndogo.

Katikati ya Machi nikaona jambo la ajabu daftarini. Nyeupe na Fedha zilianza kwenda pamoja. Naomba unielewe vizuri: hazikupata akili. Saa zilibaki zilezile za kichaa, leo saa kumi na mbili na robo, kesho saa tatu kasorobo, keshokutwa saa moja kamili. Ila kichaa cha hii kilikuwa kichaa cha ile. Zikichelewa zinachelewa zote. Zikiwahi zinawahi zote, zimefuatana dakika mbili, kama watoto wa darasa la kwanza walioshikana mikono kuvuka barabara. Kupatana hakukuwaponya wazimu. Kuliwapa wazimu mmoja wa kutumia pamoja.

Hata hivyo kwangu ilikuwa neema. Mlangoni pa jikoni kwetu naiona njia ya juu anakoteremkia wa Fedha. Wa Nyeupe hutokea upande wa pili wa kilima, simwoni. Sasa nikimwona mmoja nimewaona wote. Mama watoto akiona Fedha inateremka alikuwa hanihimizi tena, ananimiminia chai ya pili, maana tunajua hata nikiikosa Fedha, Nyeupe iko nyuma yake. Siku ya kwanza nilishangaa, siku ya kumi nikazoea. Siku ya ishirini na tatu nilikuwa nimejenga maisha yangu yote juu ya jambo hilo, na hapo ndipo nilipokuwa mjinga.

Siku ya ishirini na nne ilikuwa siku ya ng'ombe.

Kijana wa mdogo wangu amepata mchumba upande wa Nyamira, ng'ambo ya Keroka. Ukoo ulikaa, ukaamua msemaji wa mahari niwe mimi, kwa sababu ya hesabu. Hata mdogo wangu, baba wa bwana harusi, aliafiki, na yeye anajua kwa nini: alisoma hisabati mikononi mwangu, na alama alizopata hatujawahi kumweleza mama yetu. Nilivaa suti. Nilipiga viatu rangi. Fedha ikateremka, nikamaliza chai kwa heshima, nikafika stegini nikakuta imejaa na inang'oa. "Mwalimu, panda nyuma!" wakaniita, wakimaanisha sehemu ya mizigo pamoja na kuku. Nikapunga mkono. Nendeni tu. Nyeupe inakuja dakika mbili.

Nyeupe ilikuwa imeondoka saa kumi na moja alfajiri.

Nilisimama pale kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini. Mvua ikanikuta, ile mvua ya Gusii isiyobisha hodi. Utasema pikipiki. Nina goti moja linalokumbuka pikipiki ya mwaka juzi, na halijasamehe. Nilipofika Nyamira saa nane mchana, suti ikitiririka, mazungumzo yalikuwa yamefunguliwa, yamefanyika na yamefungwa kwa sala. Hesabu ya ng'ombe ilikuwa imefanywa bila mwalimu wa hesabu. Idadi siitaji hapa, maana wakwe wanaweza kusoma safu hii wakaona ni ndogo. Mboga ya chinsaga ilibaki vijiko viwili.

Kesho yake nilimfuata mwenyekiti wa stegi. Mwenyekiti ni mtu wa vitendo: aliitisha kikao, akasema tatizo ni ukosefu wa nidhamu, akaamuru linunuliwe daftari la zamu. Mungu ni mkubwa, kabla hata daftari halijanunuliwa, magari yakarudi kwenda pamoja. Siku kumi na moja mfululizo. Mwenyekiti akawa anatembea akipokea chai vibandani kama mtu aliyeleta lami. Daftari jipya lilipofika na jalada lake la buluu, likakuta kazi imeshaisha. Siku ya kumi na mbili Fedha iliondoka saa kumi na mbili, Nyeupe saa nne, kesho yake kinyume chake, na wiki nzima ikawa vita. Mwenyekiti alisema kuna mtu ameroga daftari.

Nilicheka, lakini si sana, kwa sababu nina taa jikoni yenye tabia hiyohiyo. Inawaka mwezi mzima, halafu jioni moja inaanza kupepesa kama jicho la mwongo. Ninamwita fundi. Fundi akigusa swichi, taa inawaka tuli kama mwanafunzi aliyemwona mkaguzi. "Mzee, mbona iko sawa?" Namlipa nauli. Akifika getini, giza. Nimemlipa fundi huyo nauli mara nne na hajawahi kuiona taa yangu ikiwa mgonjwa. Nadhani anaamini ninamwita kwa upweke.

Aliyenifumbua macho ni bwana harusi mwenyewe. Anasoma hisabati chuo kikuu, mwaka wa tatu, na alikuja wikendi moja kuniomba radhi kwa habari ya chinsaga. Tuliketi dukani mkabala na stegi, tukisubiri gari la kumrudisha, kwa hiyo muda ulikuwepo wa kutosha. Nikamfungulia daftari langu. Akalisoma kimya, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasema, "Baba mkubwa, huu ni utafiti."

Nikamwambia haya ni mateso. Akamwomba mwenye duka kikokotoo.

"Chukua namba yoyote kati ya sifuri na moja," akasema. "Itoe kwenye moja. Kilichobaki kizidishe kwa namba yako, halafu zidisha kwa nne. Jibu ndilo namba yako ya kesho. Rudia." Msomaji, fanya na wewe, kikokotoo cha simu kinatosha. Nyeupe tuliianzisha 0.3. Fedha tuliianzisha 0.301, tofauti ambayo hata mimi nikisahihisha mtihani ningeisamehe. Siku ya kwanza Nyeupe ikatoa 0.84, Fedha 0.8416. Siku ya tatu 0.994 na 0.996. Mapacha! Siku ya sita 0.32 na 0.26. Siku ya nane 0.45 na 0.72, na kuanzia hapo hakuna anayemjua mwenzake. Hapakuwa na bahati nasibu wala mchawi, kuzidisha tu. Kijana akaniambia tofauti ndogo hapo huongezeka, kwa wastani, mara mbili kila hatua.

Aliniambia pia kwamba mambo haya yana umri mkubwa kuliko yeye. Mwaka 1961 Mmarekani Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alirudia hesabu kwenye kompyuta yake akaingiza 0.506 mahali pa 0.506127 kwa kuokoa muda, akaenda zake kunywa kahawa, akarudi akakuta hali ya hewa nyingine kabisa. Na kanuni yenyewe ya kuzidisha ilitangazwa sana na Robert May, Mwaustralia, katika jarida la Nature mwaka 1976. Alikuwa akifikiria wadudu: wakizaliana mno mwaka huu wanamaliza chakula, mwakani wanakuwa wachache. Kabichi, nikasema. Kabichi, akasema. Na May huyo alisihi kwamba hesabu hii ifundishwe mapema shuleni, nayo haihitaji zaidi ya kujua kutoa na kuzidisha. Hapo nikanyamaza. Miaka 31 nimefundisha kuzidisha, na ombi lile halikuwahi kupandishwa Probox ya Masimba.

Wataalamu wanaita jambo hili machafuko. Neno hilo Wakenya tunalo tayari na lina kumbukumbu zake, kwa hiyo mimi naliita wazimu wenye kanuni.

"Sasa," akasema kijana, "tuwafunge kamba." Kila gari likimaliza hesabu yake, lisiichukue yote. Lichukue sehemu ya yake na sehemu ya mwenzake, kama mashemeji wanaopigiana simu. Wakipeana sehemu ya kumi, haitoshi. Kila mmoja anabaki na wazimu wake. Wakipeana tatu ya kumi, tofauti inanyauka mpaka inakwisha, wanakuwa mtu mmoja. Nikamuuliza mpaka uko wapi. Akaniambia nifikirie mwenyewe, na jamani, nilifikiria. Tofauti inazidi mara mbili. Kila mmoja akisogea robo kumwelekea mwenzake, robo huku na robo huku, tofauti inapungua nusu. Mbili mara nusu ni moja. Robo! Nilipiga meza mpaka mwenye duka akashika soda zake. Ni robo ileile ya sukari na ya mafuta ya kupikia. Ukimpa shemeji wako zaidi ya robo ya akili yako, mnakwenda pamoja. Ukimpa pungufu, mnaachana.

"Na akimpa robo kasoro kidogo?" nikauliza.

Kijana akatabasamu kama mtu aliyengojea swali hilo tangu asubuhi. Hapo, alisema, ndipo daftari lako lilipo.

Robo kasoro kidogo, magari hayaachani moja kwa moja wala hayapatani moja kwa moja. Tofauti inakuwa ndogo mno, huioni kwa macho, dakika inakuwa sekunde, sekunde inakuwa si kitu. Unasema imekufa. Haijafa. Inapanda na kushuka huko gizani kama mlevi anayetafuta mlango kwenye ukuta mrefu; mara nyingi anagonga ukuta na kurudi nyuma, na siku moja anaupata mlango. Hapo inalipuka, siku mbili tatu za vita, kisha inaporomoka tena na utulivu unarudi. Wala magari hayahitaji sababu kubwa. Mapacha wa kikokotoo wanaweza kufanana kabisa, Probox haziwezi. Moja ina klachi inayoteleza, nyingine ina dereva mwenye jino bovu. Hata wanaopeana zaidi ya robo, kasoro ndogo kama hiyo inaweza kuwarusha mbali kwa muda.

Wajapani wawili, Fujisaka na Yamada, walianza kuyaandika haya ya mifumo inayofungana miaka ya 1980. Mwaka 1993 Platt, Spiegel na Tresser wakaipa tabia hii jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kuwaka na kuzima. Niliuliza kama hao watatu waliwahi kupanga nyumba yenye taa kama yangu.

Lililonikera zaidi lilikuwa la mwisho. Nikataka kujua, kama mtu mwenye kanzu ya harusi ya kushona, utulivu mmoja hudumu siku ngapi. Kijana akakuna kichwa. Vipindi vifupi ni vingi, akasema, virefu ni vichache, na vinapungua kwa kipimo chake: utulivu wenye urefu mara nne ya mwingine ni adimu mara nane. Lakini haviishi. Palipo na ishirini na tatu, panaweza kuwa na mia mbili. Ukitafuta wastani utaupata, lakini ukiufuata utanyeshewa. Daftari langu ni dogo mno kuthibitisha hiyo mara nane. Kwamba nilinyeshewa, hilo limethibitishwa.

Kwa hiyo siku ishirini na tatu za amani hazikuwa dalili kwamba kuna kitu kimepona. Zilikuwa sehemu ya ugonjwa. Ningejua hilo mwezi Machi, ningepanda na kuku.

Si kwamba vitu viwili kwenda pamoja ni jambo geni. Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens alikuwa kitandani mgonjwa, akaziangalia saa zake mbili za pendulamu zilizotundikwa pamoja. Aliona zinapiga kwa mwendo mmoja, pendulamu moja ikienda kulia, nyingine kushoto. Akazivuruga makusudi, baada ya nusu saa hivi zikarudiana. Siri ilikuwa boriti zilikotundikwa, iliyopeleka mtikisiko mdogo kutoka huku kwenda huku. Nilipolisikia hilo nikajua ni nani wa kumwendea. Si mwenyekiti. Boriti ya Nyeupe na Fedha ni mwanamke mmoja, dada wa huyu na mke wa yule.

Nilimkuta akichuma majani ya chai, kikapu mgongoni. Nikamsalimia, nikamweleza robo kwa adabu, bila kutaja Wajapani. Alinisikiliza bila kuacha kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mkono haukosei. Nilitamani angekuwa dereva.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "hao wawili waligombania gurudumu la spea. Kaka yangu aliliazima, akalirudisha limetoboka. Wakinuniana hawapigiani simu. Wakipatana wanapigiana mpaka chakula kinapoa. Sasa mimi unataka nifanye nini, nilishike hilo gurudumu?"

Nikamuuliza ugomvi huo ulikuwa lini. Akataja siku. Ilikuwa jioni ya kuamkia siku ya ng'ombe.

Basi nikapeleka taarifa kikaoni. Nilisema wazi kwamba tuna njia mbili: tuwafunge mashemeji hawa barabara, waondoke kwa kengele moja na kusiwe na mjadala, au tuwatenganishe kabisa, mmoja apewe asubuhi na mwingine mchana, wasijuane. Kilichopo sasa, hii robo kasoro, ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu kinatufanya tuamini. Nilichora hata mchoro vumbini kwa fimbo. Mama anayeuza ndizi, ambaye amenisikiliza kwa subira tangu enzi za daftari la kwanza, akauliza, "Mwalimu, huo mchoro utanifikisha Keroka kabla ndizi hazijaiva?" Mwenyekiti akasema elimu ni nzuri, tumpigie mwalimu makofi, lakini kwa sasa hakuna haja ya kugusa kitu maana magari yanakwenda vizuri. Tukafunga kwa sala. Makofi nilipigiwa, hilo siwezi kukana.

Na kweli yanakwenda vizuri. Leo ni siku ya kumi na tisa Nyeupe na Fedha zinaondoka pamoja, zimefuatana kama kondoo. Mwenyekiti ameanza tena kunywa chai ya bure. Vijana wa stegi wananiambia, "Mzee, ile hesabu yako ilikubali!" Mama watoto naye ameanza kunimiminia kikombe cha pili, nami nakikataa, nakimbilia stegini na mkate mkononi, na Fedha ikiwa imejaa napanda nyuma pamoja na kuku.

Harusi ni Desemba, Nyamira, saa nne asubuhi. Mimi nitaondoka Masimba siku mbili kabla.